Kichwa Kinauma, Lakini Tembe Haijui

Wasee, tembe ya maumivu haina ramani. Ukimeza Panadol juu ya kichwa, haipandi moja kwa moja hadi kichwani. Inashuka tumboni, inayeyuka, inafika utumbo mdogo, na hapo ndipo dawa inaingia kwa damu. Damu hiyo inapitia ini kwanza, kisha moyo unaisambaza kila mahali, hadi kidole cha mguu ambacho hakikuwa kimelalamika. Ile sehemu inayofika kwenye ubongo ndiyo inakutuliza.

Safari hiyo huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Ukiwa umeshiba ugali vizuri, inaweza kuchelewa zaidi.

Shida yetu ni haraka. Dakika 15 zikipita bila nafuu, mtu anaongeza mbili. Jioni anaongeza dawa ya homa ya kemisti, bila kusoma kwamba nyingi zina parasetamoli ileile. Manze, kujaza abiria kwa matatu hakufupishi Thika Road.

Anayelipa ni ini. Sehemu kubwa ya parasetamoli huigeuza kitu kisicho na madhara, kikatoka na mkojo. Sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kinga ya kuizima. Ukizidisha dawa, akiba inaisha, na sumu inaanza kuua seli za ini lenyewe.

Kinachonitisha ni kwamba mwili haupigi kelele mapema. Siku ya kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu tu, ama usihisi kitu. Unajiona uko fiti, kumbe ini linaharibika. Dalili kali huja siku ya 2 au ya 3. Kuna dawa ya kuokoa, asetilisisteini, lakini inasaidia zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hivyo rafiki akikuambia amemeza nyingi, iwe ni bahati mbaya ama maisha yamemlemea, usingoje aanze kuugua. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima mwenye afya: tembe 1 au 2 za miligramu 500, ngoja angalau saa 4 kabla ya kurudia, na zisizidi 8 kwa saa 24. Soma pakiti ya kila dawa unayochanganya.

Wewe huwa unangoja dakika ngapi kabla ya kuongeza?