Kituo cha Hali ya Hewa kwa Bei ya Mbuzi Mmoja

Katika gazeti letu hili nimesoma habari nyingi za safari, za michezo na za mahafali, nami nimezifurahia sana. Leo naomba nafasi kidogo nieleze habari ya kununua kitu, maana nilikabidhiwa fedha za nyumba nzima, na nusura nizipoteze.

Kwetu ni Mkoa wa Dodoma, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa. Aijuaye nchi ile anajua kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa miaka mingi jumla yake hukaa karibu na milimita 500 au 600. Mtu wa Bukoba akisikia hesabu hiyo hucheka. Basi kwetu swali kubwa la mwaka si kupanda nini, bali kupanda lini.

Mwanzoni mwa Desemba 2022 mvua ilinyesha usiku mmoja kwa kishindo. Bati la nyumba yetu lilivuma hata hatukusikilizana. Asubuhi yake Baba akasema, "Mvua ndiyo hiyo," akatoa mbegu zote za mtama na alizeti, nasi tukapanda siku mbili, wakubwa kwa wadogo. Baada ya hapo jua likawaka wiki tatu. Miche iliyochipua ikakauka, na mbegu ambazo hazikuchipua zikafukuliwa na ndege. Mvua ya kweli ilipokuja Januari hatukuwa na mbegu. Mama alikwenda kukopa kwa dada yake, akapata debe moja, na mwaka ule tulivuna magunia mawili. Sitaeleza tulivyokula kuanzia Agosti.

Bibi yangu alisema neno moja ambalo lilinikaa moyoni. Alisema, "Mvua ile ilikuwa ya bati." Maana yake ni kwamba zamani watu walipokaa katika tembe, zenye paa la udongo, mvua haikupiga kelele. Mtu alikwenda shambani akachimba kwa mkono aone unyevu umefika wapi. Siku hizi tunaisikiliza mvua juu ya bati, na bati hukuza mambo kama mpiga debe wa stendi.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu tulifundishwa vyombo vya kupimia hali ya hewa. Nilipokwenda nyumbani likizo nikamwambia Baba kwamba kama tungalijua kipimo cha mvua ile, pengine tungalingoja. Hakujibu kitu. Hata baada ya siku chache akaenda mnadani, akarudi bila mbuzi mmoja, akanihesabia shilingi 110,000 mkononi. "Mwanangu," akasema, "kanunue hicho kipimo mjini. Lakini ujue kwamba ni mbuzi."

Nikaenda Dodoma mjini, nikafikia kwa mjomba wangu. Kesho yake nikaingia duka moja la vyombo vya umeme. Hapo nikaonyeshwa kituo kizima cha hali ya hewa cha nyumbani, nami nakiri kwamba nilikipenda mara moja. Kilikuwa na kioo cha rangi cha kuweka mezani, na mkono mweupe wa kuweka nje wenye vipimo vitano mahali pamoja: joto, unyevu wa hewa, mvua, kasi ya upepo na upande uvumako. Habari zote huingia ndani bila waya. Tena kioo huonyesha picha ya jua au wingu, yaani hali itakayokuja. Bei yake shilingi 285,000.

Nilipomwambia muuzaji fedha nilizo nazo, akasema, "Binti, hilo si neno. Weka kianzio, zilizobaki mzee ataleta taratibu." Nikaona nimepata. Nilikwisha kuwazia wenzangu wa bwenini watakavyosema wakisikia. Nikamwambia nitarudi Jumatatu. Sijui kwa nini sikutoa fedha palepale. Yamkini ni kwa sababu nilikumbuka mbuzi zetu wangapi wamebaki. Walikuwa watano.

Basi, Mungu hakunitupa, kwa kuwa mjomba wangu mwenyewe alikuwa na chombo cha namna hiyohiyo, alichokuwa amenunua mwaka mmoja kabla. Ule mkono wa nje aliufunga juu ya bati la nyumba yake. Jumamosi saa nane mchana kioo kilisema nyuzi 41 za Selsiasi. Nikampigia simu mwalimu wetu wa jiografia, ambaye siku hiyo alikuwa shuleni, nikamwomba atazame kipimajoto kilichomo katika kile kisanduku cheupe cha uwanjani. Akaniambia, "Thelathini na moja." Shule na nyumba ya mjomba hazipishani mwendo wa saa moja kwa miguu.

Wengi wetu tumekipita kisanduku kile kila siku bila kukijali, na wengine wamekianikia soksi. Aliyekibuni ni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskochi, katika mwaka 1864. Kuta zake ni za mbao nyembamba zilizopangwa mshazari, upepo upite ila jua lisiingie, nacho husimama juu ya miguu ili kipimajoto kiwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Kile chombo cha mjomba kilikuwa kikipima joto la bati. Chombo hakikuwa na kosa lolote; mahali ndipo palipokuwa na kosa.

Mwalimu aliniuliza maswali mawili kwa simu ile, na ningependa kila anayetaka kununua chombo ajiulize hayo. La kwanza, "Unataka kujua nini?" La pili, "Ukikijua, utafanya jambo gani ambalo usingalifanya?" Nikatafakari. Kasi ya upepo: tukiijua, hatutafanya lolote. Tena kipimaupepo hutakiwa kuwa juu mita 10 mahali pa wazi, nasi hatuna nguzo hiyo. Unyevu wa hewa vilevile. Joto lingetufaa kidogo. Mvua peke yake ndiyo ingeweza kumzuia Baba asipande.

Nikauliza habari ya zile picha za jua na wingu, maana hizo ndizo zilizonivutia kuliko yote. Mwalimu akacheka. Akaeleza kwamba vyombo vingi vya bei nafuu hutabiri kwa kutazama mgandamizo wa hewa tu, kwamba unapanda au unashuka. Katika nchi za Ulaya jambo hilo lina maana, kwa sababu dhoruba zao huja na mgandamizo mdogo. Lakini katika nchi za joto kama yetu mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama saa ya ukutani, uwe kiangazi au masika: huwa juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, huwa chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti hufika hektopaskali 3 hivi. Nilikaa mbele ya kioo cha mjomba Jumapili nzima. Kweli, alasiri wingu likatokea kiooni, na huko nje mbingu ilikuwa kavu kama kigae. Mjomba akasema, "Kila siku hufanya hivyo, mimi nilidhani ni adabu yake."

Sisemi kwamba vyombo hivyo havifai. Mwenye nafasi na anunue, ila aulize kwanza kama kipimamvua chaweza kutengwa na kipimajoto, kama kioo hutunza hesabu umeme ukikatika, kama hutumia betri za dukani kwetu, na kama kiungo kimoja kikiharibika chaweza kununuliwa peke yake. Pia ajue kwamba ndani ya kipimamvua chake mna vijiko viwili vidogo vinavyopinduka kama pembea, na kila kupinduka huhesabiwa. Vumbi la Dodoma na utando wa buibui vikiingia humo, hesabu husimama, na kioo kitaendelea kusema sifuri huku mvua ikikunyeshea.

Jumatatu sikurudi dukani. Nilikwenda sokoni na rula. Nilipima midomo ya faneli za mafuta ya taa, faneli baada ya faneli, hata mwenye duka akaniuliza kama nina akili timamu. Nilitafuta yenye upana wa sentimita 16 kamili, kwa sababu eneo la mdomo wake ni sentimita za mraba 201. Hapo hesabu inakuwa nyepesi: mililita 20 za maji katika faneli hiyo ni sawa na milimita 1 ya mvua. Nikanunua na dumu la lita 5, kisha nikaingia duka la dawa nikanunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Bomba moja, milimita moja. Vyote pamoja havikufika shilingi 8,000.

Nilipofika nyumbani Baba alitazama faneli, akatazama dumu, akaniuliza, "Mbuzi yuko wapi?" Nikamrudishia fedha zilizobaki. Akazihesabu mara mbili, na zilinunua mbegu za mwaka ule. Tulilifukia dumu nusu katika uwanda, mbali na miti na nyumba, umbali wa zaidi ya mara mbili ya urefu wa kila kilicho karibu, tukaliwekea miiba kwa ajili ya mbuzi.

Katikati ya Desemba 2023 bati likavuma tena usiku. Kulipokucha majirani walikuwa wakipita na majembe. Saa tatu, kama ilivyo desturi ya vituo, nikamimina maji na kuyavuta kwa bomba, na mdogo wangu akiweka punje moja ya mahindi chini kwa kila bomba. Punje zikawa nane, na nusu ya bomba. Kuna kanuni ambayo wataalamu wa kilimo wameitumia sana katika nchi kavu za Afrika, kwamba mtu angoje walau milimita 20 katika siku mbili au tatu mfululizo. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa twausikia redioni nao hutusaidia, lakini huo ni wa eneo kubwa, na mvua zetu huangukia upande mmoja wa kilima zikaacha wa pili.

"Unasemaje?" Baba akaniuliza, jembe begani.

"Baba, nane na nusu."

Akatazama mashamba ya wenzake muda mrefu, akaliweka jembe chini. Siku tisa zilizofuata sikulala vizuri. Kama mvua ingaliendelea, tungalikuwa tumechelewa kwa sababu yangu. Siku ya kumi zikaja 17, na kesho yake 14, tukapanda. Jirani yetu wa juu aliyepanda kwanza ilimbidi arudie. Yule wa bondeni, mwenye udongo mweusi ushikao maji, mimea yake ilisimama vizuri tu, akavuna kabla yetu na kutucheka. Sisi tulipata magunia tisa.

Ninapokuwa shuleni Baba hupima mwenyewe na kuniletea hesabu kwa simu, neno moja tu: "Sita," au "Hakuna." Daftari lilipofikisha misimu miwili, mdogo wangu alilifanya lile bomba bunduki ya maji, likavunjika. Baba akanunua mawili, na moja amelifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba.