Kabla ya Kulipia Muziki wa Simu, Tuisikilize Nyumba Yetu



Zamani muziki wa nyumbani haukuwa na maswali mengi. Palikuwa na redio, palikuwa na kanda tatu nne za kwaya, na utepe ukijikunja tuliurudisha kwa kalamu. Aliyetaka kusikiliza alisikiliza kilichokuwapo. Leo simu moja ya mkononi inafikia nyimbo nyingi kuliko ambazo mtu angeweza kuzimaliza katika maisha yake, na makampuni yanayozileta kwa mtandao yanatuita kila siku: jaribu bure, lipia mwezi, leta familia nzima. Kwa kuwa mama ndiye anayejua senti ya nyumba imekwenda wapi, swali linamwangukia yeye. Tulipie ipi? Au tusilipe kabisa?

Nyumbani kwetu swali hili lilikuja mezani baada ya chakula cha jioni. Kijana wetu anayesoma chuo alisema, "Mama, lipieni ile ya familia, wote tutaingia humo." Baba watoto akajibu, "Kabla ya kulipa, tujue kwanza tunalipia nini." Kila mmoja alikuwa na haki yake. Lakini palikuwa na mtu wa tatu ambaye hakusema neno, na ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa zito. Huyo ni Bibi, mama mzazi wa baba watoto, mwenye umri wa miaka 81, ambaye tunaishi naye.

Bibi ana ugonjwa wa kusahau. Mchana huwa mtulivu, lakini jua likizama huanza kuhangaika, akitafuta kanga yake na kutaka kurudi kwao Rungwe. Wanaouguza wazee wa namna hii wanaijua vizuri hali hiyo ya jioni. Kinachomtuliza kuliko vyote ni nyimbo za ibada. Tunakumbuka jinsi kijana Daudi alivyompigia Sauli kinubi mpaka akapata nafuu, na tumeona wodini vilevile kwamba mgonjwa aliyesahau majina ya wanawe bado huweza kuimba ubeti mzima.

Sasa, huduma ya bure tuliyokuwa tukiitumia ilimpigia Bibi nyimbo mbili tatu, kisha katikati ya utulivu huo likalipuka tangazo la kubashiri mpira, kwa sauti ya juu. Bibi alishtuka na kuuliza ni nani ameingia ndani. Kazi ya nusu saa ikaanza upya. Kwetu, basi, jambo hili lilikuwa usingizi wa mzee, na usingizi wa wanaomwangalia.

Kupima kabla ya dawa

Sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa haandikiwi dawa kabla ya kupimwa. Tukaona nyumba nayo ipimwe. Tulichukua daftari la shule, tukalitundika jikoni, na kwa siku 7 kila mtu akaandika: amesikiliza nini, saa ngapi, kwa simu gani, na kama alitumia bando.

Lilipofunguliwa Jumapili jioni, daftari lilitufundisha mengi. Baba watoto, aliyesema muziki hana haja nao, alikuwa akisikiliza kila asubuhi njiani kwenda kazini, karibu dakika 40, kwaya zilezile za zamani. Kijana wa chuo alitafuta nyimbo mpya kila siku na hakurudia hata moja. Wadogo walitaka nyimbo za Shule ya Jumapili, wimbo mmoja mara nane. Sisi wa kwaya ya akina mama tulikuwa tukirudia kipande kimoja cha sauti ya pili hadi kiingie kichwani. Na Bibi alisikiliza nyimbo 10 tu, usiku hata usiku.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Anayerudia nyimbo 10 na anayetafuta nyimbo mpya 100 hawahitaji huduma ya aina moja, hata kama wanakula chungu kimoja.

Mambo ya kuuliza

La kwanza ni bando. Muziki unaovutwa kwa ubora wa kawaida, ule wa kilobiti 96 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 43 kwa saa. Ukiupandisha hadi 320, unakula takriban 144. Nyimbo 10 za Bibi ni kama dakika 40, yaani megabaiti 29. Zikivutwa upya kila usiku, kwa siku 30 zinafika karibu megabaiti 870. Zikipakuliwa mara moja zikakaa ndani ya simu, ni zile 29 tu, na mtandao ukikatika usiku Bibi hajui. Kwa hiyo nyumba inayorudia nyimbo itafute huduma inayoruhusu kupakua. Nyumba inayopenda mapya haitapata faida kubwa hapo. Tena, anayesikiliza kwa njia ya video analipia picha ambayo hata haitazami, na picha hula bando mara nyingi zaidi ya sauti.

La pili ni matangazo. Huduma nyingi za bure hupata fedha kwa matangazo, na hakuna ajabu katika hilo. Mtu anayepika anaweza kuyavumilia. Mgonjwa, mtoto anayelazwa, au watu walio katika maombi hawawezi. Tuulize muziki wetu unachezwa saa gani, ndipo tujue kama tangazo ni kero ndogo au ni madhara.

La tatu, wimbo ukiisha ni nani anayechagua unaofuata? Huduma nyingi, orodha yako ikimalizika, huendelea zenyewe na nyimbo zinazodhani zinafanana. Mtoto aliyeanza na wimbo wa Shule ya Jumapili anaweza kufika mbali bila mtu kugusa simu. Jambo hilo linazimika katika mipangilio, nasi tulilizima. Katika kifurushi cha familia cha Spotify, anayelipa anaweza pia kuwafungia wengine nyimbo zilizowekewa alama ya maneno machafu. Lakini kumbukeni kwamba alama hiyo hutoka kwa wenye nyimbo. Wimbo usio na alama si lazima uwe msafi. Sikio la mama bado linahitajika.

La nne ni idadi ya watu. Kifurushi cha familia cha Spotify huchukua hadi watu 6 wanaoishi nyumba moja. Akaunti ya mtu mmoja haichezi kwa mtandao katika simu mbili kwa wakati mmoja. Mmoja akiwasha, mwingine anakatika. Daftari letu lilionyesha kwamba ni nadra watu watatu nyumbani kusikiliza kwa saa moja. Kijana wa chuo, ambaye anasikiliza muda mrefu zaidi, halali nyumbani siku nyingi.

La tano, je, nyimbo zenu zimo? Kila huduma ina historia yake. Spotify ilianza kutumika Sweden mwaka 2008, ikafika Tanzania na Kenya mwaka 2021. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015, na wengi wetu tuliikuta tayari ndani ya simu za Tecno. Mdundo ilianzia Kenya na imejulikana kwa nyimbo za kupakua. Msichague kwa jina. Andikeni nyimbo 10 mnazozipenda, kisha mzitafute moja moja kabla ya kutoa hata shilingi. Rose Muhando, Christina Shusho na Ambassadors of Christ wa Rwanda hawakutusumbua. Kwaya ndogo za mikoani ndizo zilizotutoa jasho.

La mwisho, siku mkiacha kulipa, je? Kanda ukiinunua ilikuwa yako hadi ikatike. Nyimbo zilizopakuliwa kwa huduma ya kulipia hufungwa malipo yakikoma, na Spotify hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Ni kupanga, si kununua. Nyumba ya kupanga si mbaya, mradi mpangaji ajue kwamba anapanga.

Tulivyoamua

Tulilipia akaunti moja tu, ya mtu mmoja, kwa mwezi wa majaribio, tukaiweka katika simu ya zamani iliyokuwa kabatini. Usiku inakaa chumbani kwa Bibi na tenzi za Kiswahili zilizokwisha kupakuliwa. Alasiri ni ya wadogo, na Jumamosi tunakwenda nayo mazoezini kanisani. Kijana wetu aliendelea na ya bure, baada ya kunung'unika kidogo, akashauriwa aulizie bei ya wanafunzi, kwani baadhi ya huduma wanayo. Baba watoto tulimpakulia kwaya zake. Hajasema asante, lakini asubuhi haondoki bila spika zake za masikioni.

Hata hivyo daftari lilikuwa na mstari mmoja ambao hakuna huduma iliyoweza kuujaza. Katika nyimbo 10 za Bibi, 4 ni za Kinyakyusa, alizofundishwa utotoni katika kanisa la Moravian, lililofika Rungwe mwaka 1891. Tulizitafuta kila mahali kama alivyoziimba. Hatukuzipata.

Basi shemeji yetu aliyeko huko nyumbani alikwenda kwa wazee wa ushirika baada ya ibada, akawaomba waimbe, naye akarekodi kwa simu. Walikuwa akina mama watano na mzee mmoja. Jogoo anasikika, na mtu mmoja anakohoa. Tulizipokea usiku huohuo, zikawekwa katika simu ya Bibi, na nakala katika flashi.

Siku hizo Bibi alikuwa akimwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyefariki. Wimbo ulipoanza alinyamaza, akainua kichwa, akaingia na sauti ya pili, ubeti hata ubeti, bila kukosa neno. Baba watoto alikaa pembeni ya kitanda akaimba naye ya kwanza. Jina lake bado hakulikumbuka, lakini walimaliza wimbo pamoja.

Kwa hiyo, akina mama, ushauri wetu ni huu. Anzeni na daftari, si na tangazo. Lipieni kile nyumba inachokitumia kweli, na msione haya kubaki na cha bure kama kinatosha. Pale mnapoweza, epukeni nyimbo zinazonakiliwa mitaani kwenye flashi, maana mwanakwaya aliyezitolea jasho hapati kitu. Na zile nyimbo zisizouzwa popote, za bibi zetu na za lugha zetu, rekodini mwezi huu. Wazee wanaozijua wanazidi kupungua, na simu ya kuzirekodia mnayo tayari mkononi.

Mungu azibariki nyumba zenu, na azijaze sifa.