Kalamu na Karamu

Kila mwalimu afundishaye Kiswahili katika nchi ya Shinyanga ayajua maneno haya mawili. Kalamu ni chombo cha kuandikia. Karamu ni chakula cha watu walioalikwa. Mwalimu asoma imla, "Baba aliandaa karamu," na katika madaftari kumi utakuta baba ameandaa kalamu. Vivyo hivyo mahari hugeuka mahali, na kupiga kura huwa kupiga kula. Ndipo darasa hucheka, na wanaocheka zaidi ni watoto waliohamia kutoka mijini. Nimewaona watoto wenye akili njema ambao kwa ajili ya kicheko kimoja cha namna hii hawakunyosha tena mkono muhula mzima. Mmoja, msichana wa darasa la sita, aliniambia wazi ya kuwa ni afadhali kukaa kimya kuliko kuonekana mshamba.

Wako walimu wenzangu wasemao, "Ndimi za Wasukuma ni nzito, hapana dawa." Neno hili silikubali, wala sidhani kwamba mtu aliyepata kuichungua lugha hata kidogo aweza kulikubali. Mtoto yuleyule, akitoka nje ya darasa na kusema Kisukuma, hutamka ng'hanga na nhwiga bila taabu yoyote, na mgeni wa pwani hujaribu maneno hayo mwaka mzima asiyapate. Basi ulimi ni mzima. Yafaa tutafute sababu mahali pengine, nami nitawaomba wasomaji wanifuate polepole, maana njia hii hupita kwanza masikioni.

Kinywa cha mwanadamu chaweza kutoa sauti nyingi mno, lakini kila lugha huchagua chache tu na kuziacha nyingine. Kiswahili kimechagua r na l, kikazifanya sauti mbili zenye kazi mbalimbali. Kisukuma kimechagua l peke yake. Wataalamu wameona ya kuwa mtoto mchanga husikia tofauti nyingi za sauti, hata zile za lugha asizozaliwa nazo. Lakini karibu na kutimiza mwaka mmoja masikio yake huanza kuziacha zile zisizotumika nyumbani kwao. Kwa hiyo mtoto wa Kisukuma anaposomewa "karamu" husikia kitu kimoja na "kalamu", akaandika alichosikia. Wajapani nao wanayo taabu hiyohiyo wajifunzapo Kiingereza, na sijasikia mtu akisema kwamba Wajapani ni wajinga.

Sasa tugeuze upande. Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kisukuma kina saba, kwa kuwa kati ya i na e iko sauti nyingine, na kati ya u na o iko nyingine tena. Mtu wa pwani akizisikia huzichanganya, kama vile mtoto wetu achanganyavyo r na l. Hata sisi tuandikao Kisukuma kwa herufi tano za Kiswahili twazifungia irabu saba katika nyumba ya vyumba vitano, na msomaji hubaki akikisia ni ipi inayotakiwa. Basi kama ni kucheka, kila mmoja anacho cha kumcheka mwenzake.

Ni vema pia kuitazama hiyo l yenyewe kwa makini. Msukuma asema mbula, Mswahili asema mvua. Msukuma asema nzala, Mswahili njaa. Msukuma asema kulila, Mswahili kulia. Mahali pengi l ya kale imeanguka katika Kiswahili. Je, twajuaje kwamba imeanguka, nasi si kwamba Wasukuma wameiongeza? Kiswahili chenyewe hutoa ushahidi. Twasema nunua, lakini kitu hununuliwa. Twasema fungua, lakini mlango hufunguliwa. Twapokea mgeni, naye hupokelewa. L hii yatoka wapi? Ilikuwako tangu zamani. Katika nunua imefichwa, na neno likirefushwa huchungulia tena. Hakuna mwalimu aliyewafundisha watoto wa Unguja kuirudisha mahali pake, nao huirudisha bila kukosea tangu wakiwa na miaka minne au mitano.

Namna hii ya kufichana na kufichuana imo kila mahali. Twasema watu wawili, lakini nyumba mbili. Kwa nini w huku na b kule? Msukuma husema banhu babili, na kwa neno hilo jambo huwa jeupe: b ndiyo ya kale. Katika Kiswahili imelegea ikawa w, isipokuwa pale ilipojificha nyuma ya m, na hapo imesalimika. Ndiyo maana Wasukuma huiita nchi yao Busukuma, sisi twasema Usukuma. Na majina ya machimbo ya Kahama, kama Bulyanhulu na Buzwagi, bado yana ile bu- mbele.

Katika jina la Bulyanhulu iko pia sauti nyingine ya kustaajabisha, hiyo nh, ambayo hewa hutokea puani kwa nguvu. Tazama: Mswahili asema watu, Msukuma banhu, twiga ni nhwiga, pembe ni mhembe, kanga yule ndege ni ng'hanga. Palipo na t, p au k katika maneno haya ya Kiswahili, Kisukuma kina sauti ya puani yenye pumzi. Asili yake ni moja: zamani palikuwa na nt, mp na nk. Kisukuma kiliiacha t kikashika n pamoja na pumzi. Kiswahili kiliiacha n kikashika t. Na pumzi je? Wazee wa Mombasa hata leo huitamka p ya paa, yule mnyama wa porini, kwa pumzi, na p ya paa la nyumba bila pumzi. Pumzi ile ni mabaki ya m iliyokufa. Mimi nilipolielewa jambo hili mara ya kwanza nilikaa kitambo bila kusema neno, nikifikiri jinsi lugha mbili zilizoachana kwa karne nyingi zilivyogawana urithi wa mzazi wao, mmoja akachukua jembe na mwingine mpini.

Wasomaji watakumbuka pia hesabu. Kiswahili kiliazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Msukuma husema itandatu kwa sita na mpungati kwa saba. Waswahili wa kale nao walikuwa na tandatu na mfungate. Hilo la pili halijatoweka kabisa, maana siku saba za maarusi baada ya arusi zaitwa fungate, ingawa wengi waendao fungate siku hizi hawajui kwamba wamehesabu.

Mtaalamu wa Kijerumani, Wilhelm Bleek, aliyefariki mwaka 1875, ndiye aliyezipa lugha hizi zote jina la Kibantu, kwa sababu ya neno hilihili la watu, ambalo sisi twalisema banhu. Baada yake Carl Meinhof alizilinganisha sauti zake katika kitabu chake cha mwaka 1899. Lakini sheria moja maarufu ilitoka karibu sana nasi. Mmisionari wa Moravian, Edmund Dahl, aliyekaa Unyamwezi, aliona ya kuwa silabi mbili zikifuatana, nazo zote zina sauti ngumu kama p, t au k, ile ya kwanza hulainika. Kwa hiyo tatu huwa datu, na kupita huwa kubita. Mwaka 1903 Meinhof aliiita Sheria ya Dahl, na kwa jina hilo yafundishwa katika vyuo vikuu vya dunia mpaka leo. Yaonekana Kenya vilevile: sisi twasema Kikuyu, wenyewe husema Gikuyu, kwa kuwa k mbili haziwezi kukaa jirani. Dahl alipewa heshima, na ni haki yake. Lakini waliokuwa wakiishika sheria ile, bila kukosa hata mara moja kwa siku, walikuwa wakulima na wachungaji wa ng'ombe, na wengi wao hawakupata kushika kitabu.

Kisukuma chenyewe si kimoja. Upande wa magharibi husemwa Kimunasukuma, Shinyanga na Maswa Jimunakiiya, na Bariadi Gimunantuzu. Majina yenyewe yaonyesha tofauti: palipo na ki- huku, pana ji- kule, na gi- kwingine. Msomaji asiichanganye g ya Ntuzu na ile ya Sheria ya Dahl, kwa maana hiyo huja hata mbele ya m, ambayo si sauti ngumu. Nao Waswahili wasiwashangae watu wa Shinyanga kwa ji- yao, kwa sababu wao wenyewe husema kitu na kisu, lakini chombo na chakula. Ni ki- ileile, iliyobadilika mbele ya irabu.

Nimeacha kwa makusudi jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni kupanda na kushuka kwa sauti. Kisukuma husema tukusola, yaani tutachagua, na sauti yake hubaki chini. Kikisema bakusola, watachagua, sauti hupanda penye so. Wataalamu walipochungua waliona ya kuwa mwenye kuleta mpando ule ni ba, lakini hausikiki juu yake. Huruka silabi mbili mbele. Ukisema tukubasola, tutawachagua, ba imesogea, na mpando nao umesogea mpaka la ya mwisho, silabi mbili vilevile. Ni kama mtu apigaye ngoma nyumbani kwake, na mlio wake ukasikika katika nyumba ya tatu. Irving Richardson aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichotoka mwaka 1959, na mwaka 1985 Mtanzania Herman Batibo alitoa kwa Kifaransa kitabu chake juu ya sauti na maumbo ya Kisukuma. Bibi yangu hakupata kusoma hata kimoja, na silabi mbili zile hakukosea kuzihesabu maisha yake yote.

Baada ya kufundisha Shinyanga nilipelekwa Geita. Huko dhahabu huvuta watu tangu zamani. Mgodi wa kale ulifanya kazi toka mwaka 1936 hata 1966, na ule mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Katika darasa moja nilikuwa na Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Wahaya, Wakurya na Wajaluo. Hapo nilipata msaada nisioutazamia. Kikurya kina r na hakina l. Kwa hiyo mtoto wa Kikurya hukosea kinyume cha mwenzake. Nilisoma imla ya sentensi moja tu: "Baba alileta kalamu kwenye karamu." Msukuma aliandika kalamu kwenye kalamu, Mkurya aliandika karamu kwenye karamu. Niliandika zote mbili ubaoni, nikawauliza watoto ni nani mwenye ulimi mzito. Wakatazamana. Walicheka, naam, lakini safari hii hapakuwa na mtu mmoja wa kuchekwa.

Tangu siku ile nimefundisha r na l kwa njia nyingine. Sisemi "umekosea", nasema "lugha yako haina sauti hii, tuitafute." Twaweka ncha ya ulimi nyuma ya meno na kuiacha hewa ipite kando: hiyo ni l. Kisha twaitetemesha ncha hiyo: hiyo ni r. Mtoto huweka kiganja mbele ya kinywa chake, hufumba macho, nami husema neno moja, kura au kula, naye hunyosha mkono wa kulia au wa kushoto kwa kadiri alivyosikia. Kazi hii huchukua majuma sita au saba, dakika kumi kwa siku. Sikubaliani na wale wasemao kwamba kila mtoto na aandike apendavyo. Kiswahili sanifu ni mapatano. Lahaja ya Unguja ilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 iwe msingi wake, na mtoto asiyeyajua mapatano hayo atashindwa mtihani na kukosa kazi. Ninachokataa ni aibu tu. Yule asiyeogopa hujifunza haraka zaidi, nami nimeyaona matokeo katika madaftari.

Mwaka mmoja niliwatuma watoto wa Geita waende kwenye mialo, wasikilize majina ya vyombo vya wachimbaji, waje nayo darasani. Wote walileta mashine ile isagayo mawe ya dhahabu. Jina lake latoka katika Kiingereza, na Kiswahili kimekwisha kulitia a katikati, lisikwame kinywani, na a nyingine mwishoni. Wengi waliandika karasha. Wasukuma watatu waliandika kalasha. Mjaluo mmoja, ambaye lugha yake haina sh, aliandika karasa. Nikawaambia wataje mashine kumi. Kila mmoja, kwa tamko lake, aliweka ma- mbele: makarasha, makalasha, makarasa. Niliwauliza ni nani aliyewafundisha ya kuwa neno hili geni liingie katika ngeli ya jembe na majembe. Hawakuwa na jibu, wala wachimbaji waliolianzisha hawakuketi baraza kulijadili. Hakuna hata mmoja aliyeandika mikarasha.