Shibe si Lishe



Juma hili napenda tutafakari pamoja jambo linaloanzia jikoni. Husemwa mara nyingi kwamba chakula bora ni cha matajiri. Silidharau neno hilo, kwani anayelisema mara nyingi ndiye anayehesabu sarafu zake mbele ya genge. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Mkoani Iringa, ambako mahindi hustawi sana, walikuwa takriban 57. Basi shibe na lishe si kitu kimoja: tumbo laweza kujaa, na mwili ukabaki na njaa.

Nami naishi kwa posho ndogo, hivyo naandika niliyoyazoea mezani pangu. La kwanza ni dona. Sembe hupendeza kwa weupe wake, lakini kukoboa huondoa pumba na kiini, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini, madini na nyuzinyuzi. Ni kweli kwamba dona huharibika upesi kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika kiini. Kwa hiyo nasagisha kidogo kidogo. La pili ni maharage. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Vikiliwa pamoja husaidiana kama majirani wanaoazimana chumvi. Nayaloweka usiku kucha, nayo huiva kwa mkaa mchache. La tatu ni dagaa, ambao wakiliwa wazima na mifupa yao hutupatia protini na kalsiamu. Mchicha naukamulia limau, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai naiweka mbali na mlo, kwa kuwa huzuia ufyonzaji huo. Wahenga walinena kweli: mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Lakini tusiwatwishe mama zetu mzigo wote kwa maneno matamu. Yuko mama arudiye kutoka shambani jioni, kuni kichwani na mtoto mgongoni. Kumhubiria habari za lisini bila kumpunguzia kazi ni kumdhihaki. Uji mtupu anaompa mtoto mara nyingi hautokani na ujinga, bali na uchovu. Wala si yeye daima aamuaye kiuzwe nini na kibaki nini nyumbani.

Hapo ndipo sisi wengine tunapohusika. Baba anaweza kubeba ndoo ya maji, mama akapata nafasi ya kutwanga karanga kavu zisizo na ukungu, azitie katika uji. Jirani anaweza kutoa vipando vya matembele. Havigharimu chochote, navyo hustawi hata nyuma ya nyumba. Siku 1,000 za kwanza, tangu kutungwa mimba hadi mtoto atimize miaka 2, ndizo zinazojenga kimo na akili yake. Zikipita, hazirudi.

Kwa hiyo juma hili, kabla mayai hayajapelekwa sokoni, tuulizane kwanza nyumbani: mtoto amekula nini leo?

Nawatakia juma jema.