Udongo Nao Hujifanya Maji

Mjukuu wangu,

Magoti yangu hayapandi tena matatu, ndiyo maana nakuandikia kutoka hapa Dagoretti. Nimesikia umepata nafasi Chiromo kusoma jiolojia, na kwamba jiofizikia ndiyo inayokuvuta. Mama yako ananiuliza utakula nini. Nimemjibu kwamba yeye mwenyewe alilelewa na kazi hiyo.

Kazi yenyewe ni kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango. Tulipigilia vigingi vinne vya chuma, viwili vikipeleka umeme ardhini, viwili vikipima. Kadiri ulivyovitenganisha, ndivyo umeme ulivyozama. Mwamba mkavu huukataa umeme, mwamba uliolowa huupitisha. Kwa njia hiyo nimewatafutia maji, chini ya tabaka za mawe ya volkano, watu wa Lavington, Kileleshwa na Karen, ambako mfereji ulikuwa na siku zake.

Sasa shika hili, ndilo wosia wangu. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme. Kwenye karatasi hufanana na maji kama pacha. Nikiwa kijana, niliona mchoro wa vipimo umeshuka katika shamba la mzee mmoja, nikamwambia achimbe. Alikuwa ameuza ng'ombe wake kulipia mtambo wa kuchimba. Ukashuka siku mbili, ukatoa udongo tu. Sikukusudia kumdanganya. Nilipaswa kusema "huenda yapo", nikasema "yapo", kwa kuwa ndilo neno alilotamani kusikia.

Kosa hili la kutangaza kabla ya kuhakikisha halimwogopi mkubwa. Mwaka 2013 nchi nzima ilishangilia maji ya chini ya ardhi ya Lotikipi kule Turkana, lakini visima vilipochimbwa baadaye, maji yakawa ya chumvi. Kwa hiyo kipimo kimoja kisikutoshe. Soma mawe kwa macho, na uwaulize wenyeji ni kisima kipi hukauka Februari.

Hisabati na fizikia usizikimbie, na kompyuta ijue vizuri, kwa maana michoro tuliyochora kwa penseli leo hupigwa hesabu kwa programu. Likizo ikifika, nenda ukabebe nyaya nyuma ya wakubwa. Ukimaliza, usidhani kazi ni visima tu. Kule Olkaria walianza kuchimba mvuke miaka ya 1950, umeme ukatoka 1981. Walisubiri miaka ishirini na zaidi, na leo wanaopima joto la ardhi bado wanahitajika huko na Menengai. Wapo wanaochunguza miamba kabla ghorofa halijasimama Upper Hill, wanaotafuta madini, na wanaosikiliza mitetemeko. Usicheke hao wa mwisho: Subukia ilitikiswa vibaya Januari 1928, na Bonde la Ufa halijalala.

Popote utakapokwenda, sheria ya 1993 inataka mwanajiolojia asajiliwe. Ukishasajiliwa, jina lako chini ya ripoti ni ahadi. Mwenye kiwanja atakusukuma, mwenye mtambo atakunong'onezea. Ukiona hakuna maji, sema hakuna, upokee nauli yako urudi nyumbani.

Nyundo yangu ya vigingi ni yako. Mpini nimeubadilisha mara tatu. Chini yake sandukuni utaikuta ripoti ya kile kisima kikavu, yenye sahihi yangu. Isome kabla hujatia sahihi yako ya kwanza.

Babu yako