Okidi Nisizotaja Zilipo

Watu wakiona picha zangu za maua ya Kitulo, swali la kwanza ni: umepiga wapi? Nawajibu kwamba ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kule juu kati ya Mbeya na Makete, ambapo wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Zaidi ya hapo sisemi.

Baadhi ya wageni hupanda Juni hadi Agosti, msimu wa kutazama wanyama kwingineko. Kitulo wakati huo ni nyasi kavu na baridi kali, maana uwanda uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Maua hufuata mvua. Zikishanyesha Novemba, rangi huanza kutokeza, na kuanzia Desemba hadi Aprili uwanda hubadilika kila mara. Bonde la njano leo, baada ya wiki chache ni la zambarau. Ndiyo maana kabla ya safari nampigia simu mtu wa Matamba, jirani na hifadhi. Wakulima wa viazi na pareto wa vijiji vya huko ndio walimu wangu. Nawauliza maji yametuama wapi na moto wa kiangazi ulipita wapi, kwa sababu okidi za uwandani humea ardhini, na kila aina ina makao yake: nyingine topeni, nyingine kwenye nyasi fupi.

Nafika ukungu haujaondoka. Mwanga wake ni laini, ilhali jua la saa sita huufifisha wekundu wa okidi ya Disa. Nalala kifudifudi, lenzi ilingane na ua, kisha nasubiri upepo utulie. Hapo haraka haina kazi kabisa. Okidi ya Satyrium naipiga na kwa nyuma, ionekane mirija yake miwili ya nekta, maana mtaalamu wa mimea huitambua kwa hiyo.

Chini ya ua hilo kuna kiazi. Viazi vya okidi huchimbwa, hukaushwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda. Uchimbaji huo ni sababu mojawapo iliyofanya Kitulo, yenye aina 45 za okidi, ilindwe kama hifadhi ya taifa tangu 2005. Kiazi kikishang'olewa, mmea umekwisha. Na ua linalonivuta mimi ndilo linalomwonyesha mchimbaji pa kutia jembe. Kwa hiyo huduma ya mahali kwenye simu naizima kabla ya kupiga picha hata moja, na nawasihi wenzangu wafanye hivyo.

Ukitaka kuziona, panda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona 57, lipa kiingilio Matamba, umchukue mwongozaji wa pale pale. Yeye atakufikisha. Februari ni mwezi mzuri.