Usafi wa Gharama Ndogo Mtaani Satellite

Msafiri ashukaye Dagoretti Corner, katika Barabara ya Ngong, akaifuata Barabara ya Naivasha, hufika Satellite, mtaa ulio upande wa magharibi wa Nairobi. Humo wapangaji ni wengi, na shilingi ya sabuni hushindana na shilingi ya unga. Hata hivyo, jikoni hamkosi vitu vya usafi visivyo ghali. Majivu ya makaa yaliyochekechwa husugulia masizi ya sufuria. Siki au maji ya ndimu huondoa ukoko mweupe wa birika. Magadi, yatokayo katika ziwa la jina hilo huko Kajiado, yakiyeyushwa katika maji ya moto hukata mafuta sakafuni. Lakini yasiachwe ndani ya sufuria ya alumini, kwani huila, wala yasishikwe kwa mikono mitupu.

Jambo moja ni la hatari: siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ing'arishayo nguo nyeupe, maana hutoka hewa ya sumu iumizayo mapafu. Kila dawa na ikae katika chupa yake yenye jina, mbali na watoto. Akiba isiyo na hadhari huishia hospitalini.